Chema hakikujiuza: Safari ndefu ya wasanii weusi kutoka kejeli hadi heshima

WASWAHILI husema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini historia ya wachoraji na wachongaji weusi wa Marekani yaonyesha kuwa methali hiyo ina mipaka yake. Kwa zaidi ya karne moja, kazi zao nzuri zilikosa wanunuzi, kumbi za maonyesho na hata mahali pa kuhifadhiwa kwa sababu ya rangi ya ngozi ya aliyezitengeneza.

Baadhi ya wasanii hao walifukuzwa vyuoni. Wengine walinyimwa nafasi za masomo baada ya wafadhili kugundua kuwa wao ni weusi, na wengine walilazimika kuvuka bahari ili wapate mwalimu na amani ya kufanya kazi. Hata walipofaulu, walikumbana na wahakiki walioshuku iwapo kazi ni zao kweli, au waliotaka kuwachagulia mambo ya kuchora.

Leo majina yao yamo katika makavazi makuu ya dunia. Hata hivyo, heshima hiyo ilichelewa sana, na kuchelewa huko kulikuwa na gharama yake: kuna kazi zilizopotea, zilizoungua na zilizobomolewa ambazo hazitaonekana tena.

Vikwazo vyenyewe

Utumwa ulipigwa marufuku kote nchini Marekani mwaka wa 1865. Lakini dhana kwamba mtu mweusi hana kipaji cha sanaa ilikuwa imekita mizizi miaka mingi kabla ya hapo. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa nchi hiyo na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika katika kitabu chake kuhusu jimbo la Virginia, kilichochapishwa miaka ya 1780, kuwa hakuwahi kuona kwa watu weusi hata dalili ndogo ya uchoraji au uchongaji.

Dhana hiyo ilikuwa na matokeo katika maisha ya kila siku. Mtunzi wa mashairi aweza kuanza na karatasi na kalamu, lakini mchongaji ahitaji jiwe, karakana, patasi, mwalimu wa kumwonyesha jinsi mwili wa binadamu ulivyoundwa, na tajiri wa kulipia yote hayo kabla kazi haijakamilika. Msanii mweusi aliyetaka kufika mbali alilazimika kupita milango mitatu, yaani chuo, ukumbi wa maonyesho na mnunuzi. Yote mitatu ilikuwa mikononi mwa wazungu.

Edmonia Lewis: Mchongaji aliyekimbilia Roma

Miongoni mwa wa kwanza kuipita milango hiyo alikuwa Edmonia Lewis, aliyezaliwa katika jimbo la New York mnamo miaka ya 1840. Baba yake alikuwa mtu mweusi na mama yake alikuwa na asili ya Wahindi Wekundu wa kabila la Ojibwe. Wazazi wote wawili walifariki akiwa mtoto, na kaka yake, aliyekwenda California kutafuta dhahabu, ndiye aliyemlipia karo.

Mwaka wa 1859 alijiunga na Chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio, mojawapo ya vyuo vichache vilivyowapokea wanafunzi weusi na wanawake wakati huo. Mapema mwaka wa 1862 wasichana wawili wazungu aliokuwa akiishi nao walishikwa na maumivu makali baada ya kunywa mvinyo aliowaandalia, naye akashutumiwa kwamba aliwatilia sumu.

Kabla ya kesi kusikizwa, watu wasiojulikana walimteka usiku, wakampiga vibaya na kumwacha uwanjani katika baridi kali. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kitendo hicho. Wakili mweusi John Mercer Langston, ambaye miaka mingi baadaye alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Marekani, ndiye aliyemtetea mahakamani, na mashtaka yakatupiliwa mbali kwa kukosa ushahidi. Mwaka uliofuata Lewis alidaiwa kuiba vifaa vya kuchorea. Dai hilo pia halikuthibitishwa, lakini alizuiwa kujiandikisha kwa muhula wa mwisho, akaondoka bila shahada.

Alielekea Boston, ambako alifunzwa misingi ya uchongaji na Edward Brackett. Mnamo 1864 alitengeneza sanamu ya kichwa na mabega ya Kanali Robert Gould Shaw, mzungu aliyewaongoza wanajeshi weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts na kuuawa vitani pamoja nao. Nakala za plasta za sanamu hiyo zilinunuliwa kwa wingi, na fedha alizopata zikamwezesha kusafiri hadi Ulaya mwaka wa 1865. Alifanya makao mjini Roma. Katika mahojiano na gazeti moja la New York mnamo 1878 alieleza kuwa alisukumwa kwenda huko ili apate mafunzo, na mahali ambapo hakukumbushwa rangi yake kila mara.

Wachongaji wengi wa kigeni waliokuwa Roma walitengeneza mfano wa udongo, kisha wakawaajiri mafundi Waitaliano kuuchonga katika marumaru. Lewis kwa kawaida alichonga mawe yake kwa mikono yake mwenyewe. Alijua fika kwamba mtu mweusi akiajiri fundi, watu watasema kazi si yake.

Mwaka wa 1876 alipeleka kwenye Maonyesho ya Miaka 100 ya Uhuru wa Marekani mjini Philadelphia sanamu ya marumaru yenye uzani wa zaidi ya kilo 1,300. Ilimwonyesha Kleopatra, malkia wa Misri, akiwa amekwisha kukata roho juu ya kiti chake cha enzi. Wasanii wengine walizoea kumwonyesha malkia huyo akitafakari kifo. Lewis alikionyesha kifo chenyewe. Baadhi ya wahakiki walichukizwa, huku wengine wakikiri kuwa ilikuwa miongoni mwa kazi zenye nguvu zaidi katika maonyesho hayo.

Yaliyoipata sanamu hiyo baadaye ni kama hadithi ya kubuni. Ilionyeshwa Chicago mwaka wa 1878, kisha ikakosa mnunuzi na kuachwa katika bohari. Baadaye ilionekana ndani ya baa, na hatimaye mcheza kamari mmoja tajiri akaiweka juu ya kaburi la farasi wake, aliyeitwa Kleopatra, katika uwanja wa mbio za farasi nje ya jiji hilo. Uwanja ulipobadilishwa matumizi mara kadhaa, sanamu ilibaki papo hapo ikipigwa na mvua na theluji, hadi ikahamishiwa kwenye yadi ya kuwekea vifaa vya ujenzi. Haikuwa mpaka 1994 ambapo ilikabidhiwa Makavazi ya Sanaa ya Marekani ya Smithsonian jijini Washington, ikakarabatiwa na kuonyeshwa tena.

Lewis mwenyewe alifariki London mnamo Septemba 1907. Kwa zaidi ya miaka 100 wanahistoria hawakujua alikozikwa, hadi kaburi lake lilipotambuliwa katika jiji hilo likiwa halina hata jiwe la jina. Mwaka wa 2022 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake, na mwaka huo huo Chuo cha Oberlin kikamtunuku shahada aliyonyimwa mwaka wa 1863.

Henry Ossawa Tanner: Heshima ya Paris

Henry Ossawa Tanner alizaliwa mjini Pittsburgh mwaka wa 1859. Baba yake alikuja kuwa askofu katika Kanisa la African Methodist Episcopal, naye mama yake alitoroshwa utumwani akiwa mtoto. Tofauti na Lewis, alikulia katika familia ya wasomi, lakini elimu ya wazazi wake haikumkinga.

Mnamo 1879 alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ambako mwalimu wake, Thomas Eakins, alimthamini. Wanafunzi wenzake hawakuwa hivyo. Joseph Pennell, aliyesoma naye na ambaye baadaye alipata sifa kwa uchoraji wa vitabu, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka wa 1925 jinsi wanafunzi wazungu walivyomfunga Tanner usiku mmoja kwenye fremu yake ya kuchoria na kumwacha katikati ya barabara kuu ya mji huo. Pennell alisimulia kisa hicho bila dalili yoyote ya majuto.

Tanner alijaribu kujikimu kwa kazi ya picha mjini Atlanta na kwa kufundisha. Mwaka wa 1890 Askofu Joseph Hartzell na mkewe walimwandalia maonyesho mjini Cincinnati. Hakuna picha iliyonunuliwa, hivyo wawili hao wakazinunua zote wenyewe ili apate nauli. Alikuwa akienda Roma, lakini alipofika Paris mwaka wa 1891 alivutiwa na jiji hilo, akajiandikisha katika Chuo cha Julian na kufanya Ufaransa makao yake.

Miaka miwili baadaye, akiwa amerudi Marekani kwa muda baada ya kuugua homa ya matumbo, alichora picha inayomwonyesha mzee mweusi akimfunza mtoto kupiga ala ya banjo. Katika vichekesho vya jukwaani vya enzi hiyo, wazungu walijipaka masizi usoni na kucheza banjo ili kuwadhihaki watu weusi. Tanner aliichukua ala hiyo hiyo na kuonyesha mzee akimrithisha mjukuu maarifa, katika chumba cha kimaskini kilichojaa mwanga. Picha hiyo ingalipo katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Sifa kubwa, hata hivyo, aliipata kwa picha za Biblia. Mwaka wa 1897 picha yake ya kufufuliwa kwa Lazaro ilishinda nishani katika maonyesho makuu ya Paris na kununuliwa na Serikali ya Ufaransa, heshima ambayo Wamarekani wachache walikuwa wamewahi kuipata. Mnamo 1923 Ufaransa ilimtunuku nishani ya Legion of Honour, na mwaka wa 1927 akawa mwanachama kamili wa Chuo cha Kitaifa cha Ubunifu cha Marekani. Alifariki Paris mwaka wa 1937.

Ikulu ya Marekani ilisubiri hadi mwaka wa 1996 kabla ya kuweka mchoro wake katika mkusanyiko wake wa kudumu. Ulikuwa mchoro wa kwanza wa Mmarekani mweusi kuingia humo.

Ubaguzi wavuka bahari

Isidhaniwe kwamba kufika Ulaya kulitosha. Mchongaji Meta Warrick, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Meta Warrick Fuller, alifika Paris mwaka wa 1899 akiwa ameagizia chumba katika hosteli ya wasichana wa Kimarekani. Walipoona kuwa ni mweusi, wasimamizi walimkatalia. Tanner, aliyekuwa rafiki wa familia yake, ndiye aliyemsaidia kupata malazi.

Huko Paris alisifiwa na Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa wakati huo. Aliporudi Philadelphia, wauzaji wa sanaa hawakuzijali kazi zake. Mwaka wa 1910 bohari alimohifadhi sanamu na vifaa vyake liliteketea kwa moto, na kazi ya miaka mingi ikageuka majivu. Aliendelea kuchonga hadi uzeeni, lakini sanamu nyingi za ujana wake hazipo tena.

Augusta Savage: Aliyepaza sauti

Ikiwa Lewis na Tanner waliukwepa ubaguzi kwa kuhama, Augusta Savage aliukabili hadharani. Alizaliwa mwaka wa 1892 katika mji mdogo wa Green Cove Springs, Florida, ambako udongo wa kufyatulia matofali ulikuwa mwingi. Tangu utotoni alifinyanga bata na wanyama wengine. Baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, aliamini kuwa vinyago ni dhambi na alimchapa mara kwa mara ili aache.

Alifika New York mwaka wa 1921 akiwa na chini ya dola tano mfukoni. Alikubaliwa katika Cooper Union, chuo kilichofundisha bila malipo, na akamaliza kozi ya miaka minne katika muda wa miaka mitatu.

Mwaka wa 1923 aliomba nafasi katika shule ya sanaa ya majira ya joto iliyoandaliwa kwa Wamarekani huko Fontainebleau, karibu na Paris. Kamati ya Wamarekani iliyoteua wanafunzi ilimkataa ilipofahamu kuwa ni mweusi, kwa hofu kwamba wanafunzi wazungu kutoka majimbo ya kusini hawangependa kusafiri na kuishi naye.

Wengi waliomtangulia wangenyamaza. Savage alipeleka habari hiyo magazetini. Alieleza kwamba hakulalamika kwa ajili yake binafsi, bali kwa ajili ya wanafunzi weusi ambao wangeomba nafasi hiyo baada yake. Kisa hicho kilizua mjadala mkubwa, lakini kamati haikubadili uamuzi. Mwanachama mmoja tu, mchongaji Hermon MacNeil, ndiye aliyemwalika afundishwe katika karakana yake.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Savage alitambulikana kama mleta vurugu, na kwa miaka kadhaa alijikimu kwa kufua nguo huku akichonga usiku. Mnamo 1929 sanamu yake ya kijana wa mtaani mwenye kofia iliyoinamia upande, iliyobeba uchovu na ujanja wa mtoto wa jijini, ilimpatia ufadhili wa Hazina ya Rosenwald, na hatimaye akafika Paris, miaka sita baada ya kukataliwa.

Alirejea New York wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na kufungua darasa mtaani Harlem, ambako alifunza kila aliyetaka kujifunza. Mwaka wa 1934 akawa msanii mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Kitaifa cha Wachoraji na Wachongaji wa Kike. Mwaka wa 1937 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Sanaa cha Jamii cha Harlem, kilichoendeshwa kwa fedha za mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira.

Kisha akaombwa kutengeneza sanamu kwa Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka wa 1939. Aliwaonyesha waimbaji weusi 12 waliopangwa kama nyuzi za kinubi, nao mkono wa Mungu ukiwa ndio kibao cha kinubi hicho. Ilikuwa na urefu wa karibu mita tano na ilikuwa mojawapo ya vivutio vilivyopendwa sana. Lakini ilikuwa ya plasta, na hapakuwa na fedha za kuipiga muhuri wa kudumu kwa kuimimina katika shaba wala za kuihifadhi. Maonyesho yalipomalizika, tingatinga ziliibomoa. Zilizobaki ni picha na nakala ndogo zilizouzwa kwa wageni kama ukumbusho.

Wakati akiitengeneza, nafasi yake katika kituo cha Harlem ilikuwa imejazwa na mtu mwingine. Ukumbi wa sanaa aliojaribu kuufungua mwaka huo wa 1939 ulifungwa baada ya muda mfupi kwa kukosa fedha. Alihamia mashambani na kuishi kwa unyenyekevu hadi kifo chake mwaka wa 1962, akiwa karibu amesahaulika.

Ubishi juu ya cha kuchora

Mbali na kufungiwa milango, wasanii hawa walikabiliwa na swali gumu: je, msanii mweusi awajibika kuchora maisha ya watu weusi tu? Mwanafalsafa Alain Locke, mwenyewe mweusi, aliandika mnamo 1925 akisikitika kwamba wasanii kama Tanner hawakuanzisha mtindo wa sanaa uliojikita katika asili yao ya Kiafrika. Tanner kwa upande wake hakukubali kipaji chake kipimwe kwa rangi yake.

Mwaka uliofuata jarida la The Nation lilichapisha maoni mawili yaliyokinzana. Mwandishi George Schuyler alisema kuwa hakuna sanaa ya Kimarekani inayoweza kuitwa ya weusi pekee. Mshairi Langston Hughes, ambaye babu yake mzaa mama alikuwa ndugu wa yule wakili aliyemtetea Edmonia Lewis, alijibu kuwa msanii mweusi anayeonea haya asili yake hawezi kufika mbali.

Hata msaada ulikuwa na mitego yake. Wakfu wa Harmon ulianza mwaka wa 1926 kutoa tuzo kwa wasanii weusi na kuandaa maonyesho yao, jambo lililowapa wengi nafasi ya kwanza ya kuonekana. Lakini mwaka wa 1934 mchoraji chipukizi Romare Bearden aliandika kuwa maonyesho ya namna hiyo yaliwadekeza wasanii, kwa kuwa kazi dhaifu zilisifiwa mradi tu aliyezichora ni mweusi. Hoja yake ilikuwa wazi: kusifiwa bila kipimo ni dharau ya aina nyingine.

Mavuno ya darasa la Harlem

Matunda ya juhudi za Savage yalionekana upesi kuliko alivyotarajia. Mmoja wa vijana aliowasaidia alikuwa Jacob Lawrence, aliyezaliwa mwaka wa 1917. Savage ndiye aliyempigania hadi akaajiriwa katika mradi wa serikali wa wasanii mwaka wa 1938, hivyo akawa akilipwa mshahara kwa kuchora.

Kati ya 1940 na 1941 Lawrence alichora picha 60 ndogo kuhusu uhamaji mkubwa wa watu weusi kutoka mashamba ya kusini kwenda viwanda vya kaskazini. Ilipofika 1942, nusu ya picha hizo ilikuwa imechukuliwa na Makavazi ya Sanaa ya Kisasa ya New York na nusu nyingine na mkusanyiko wa Phillips jijini Washington. Kijana wa Harlem alikuwa amepenya makavazi makuu kabla ya kufikisha umri wa miaka 26.

Hilo halikumaanisha kuwa mlango uko wazi kwa wote. Mnamo Januari 1969 Makavazi ya Metropolitan ya New York yalifungua maonyesho makubwa kuhusu historia ya Harlem. Yalijaa picha za kamera na maandishi, lakini hayakuwa na mchoro wala sanamu hata moja ya wasanii wa mtaa huo. Wasanii weusi, akiwemo Bearden, waliandamana nje ya jengo hilo wakiwa na mabango. Mwaka mmoja kabla ya hapo, makavazi ya Studio Museum yalikuwa yamefunguliwa Harlem kwa ajili ya kazi zao.

Mabinti wa Afrika Mashariki

Ubaguzi wa aina hiyo haukuwa wa Marekani peke yake, na miongoni mwa walioushinda wamo wazaliwa wa Afrika Mashariki. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1954. Baba yake, mwenye asili ya Komoro, alifariki Lubaina akiwa mtoto mchanga, na mama yake Mwingereza akarudi naye kwao.

Katika miaka ya 1980, makavazi ya Uingereza hayakuwajali wasanii wanawake weusi, naye Himid akachukua jukumu la kuandaa maonyesho yao. Mojawapo, la mwaka wa 1985 katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa jijini London, lilipewa nafasi ya ukumbini mwa kupita watu badala ya vyumba vikuu. Mwaka wa 2017, akiwa na umri wa miaka 63, alishinda Tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo kuu za sanaa Uingereza. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huo ndio waandalizi walioondoa sharti lililowazuia wasanii waliotimiza miaka 50 kushindania tuzo hiyo. Bila mabadiliko hayo, Himid hangeruhusiwa kushindana.

Kwa upande wa Kenya, Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka wa 1972 na akasomea sanaa katika Cooper Union, chuo kile kile alichopitia Augusta Savage zaidi ya miaka 70 awali. Mnamo Septemba 2019 sanamu zake nne za shaba za wanawake walioketi ziliwekwa mbele ya Makavazi ya Metropolitan, yale yale yaliyoandamaniwa mwaka wa 1969.

Ziliwekwa katika mashubaka manne ya ukuta wa mbele wa jengo hilo. Mashubaka hayo yalijengwa kwa ajili ya sanamu, lakini yalikuwa yamebaki matupu tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka wa 1902.

Funzo lililopo

Ukitazama maisha ya wasanii hawa, ni vigumu kusema kuwa kipaji pekee ndicho kilichowavusha. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na mtu aliyefungua mlango: kaka mchimba dhahabu, wakili mahakamani, askofu aliyenunua picha zote, mwalimu aliyefunza bila malipo. Savage alilipa deni hilo kwa kuwafunza watoto wa Harlem, naye Himid kwa kuwaonyesha wenzake kabla yeye mwenyewe hajatambuliwa.

Chanda chema huvikwa pete, lakini pete iliyoletwa baada ya miaka 100 humkuta mwenye chanda kaburini. Shahada ya Edmonia Lewis ilitolewa yeye akiwa amezikwa kwa miaka 115, na hakuna tuzo iwezayo kukirudisha kinubi cha Savage kilichopondwa na tingatinga. Kila nchi ina vijana wanaofinyanga udongo na kuchora kutani bila mwalimu wala ukumbi. Wakati wa kuwathamini na kuzihifadhi kazi zao ni sasa, kazi hizo zikiwa bado zipo.